Wembe Ulioanza kwa Mdogo

Nyumbani kwetu Bura, mtu akizikwa, siku ya tatu wanaume wote wa boma hunyolewa. Wanakaa nyuma ya nyumba asubuhi, umande bado uko kwa majani, na mwanamke mkubwa wa boma ndiye hushika wembe. Anaanza na kijana wa kwanza, anakuja kwa anayemfuata, hivyo hivyo mpaka wajukuu. Nywele zinaangukia beseni, halafu zinafukiwa migombani. Nilishika wembe baba mkwe alipokufa, nikaushika tena mume wangu alipokufa. Mwaka huu niliushika kwa sababu ya Sylus, mtoto wangu wa pili.

Sylus aligongwa na lori pale Maungu siku ya Alhamisi, jioni, akivuka barabara. Lori halikusimama. Polisi waliokota vipande vya taa, wakatuambia wanatafuta. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Alimwacha mke wake Tryphena na kijana mmoja, Vincent, mwenye miaka ishirini na sita, aliyekuwa akimpenda baba yake kupita kiasi.

Danson ndiye kifungua mimba wangu. Ana hamsini na saba na anauza vipuri vya pikipiki Voi. Huyu tangu utoto alikuwa na nywele za kuvunja kitana. Alipofika hamsini na tano zikaanza kumtoka, na si kwa upara wa baba yake, ule ulioanza mbele ukapanda polepole kwa heshima. Hizi zilitoka mabaka mabaka, mviringo kama sarafu, asubuhi anazikuta kwa mto zimekaa kama kiota. Nyusi za jicho moja zikaenda nazo. Kufikia Krismasi zilibaki za kisogoni tu, mkanda mmoja kutoka sikio hadi sikio. Akaanza kuvaa kofia ya sufu, na joto la Voi mnalijua.

Sasa, mwezi ule aliokufa Sylus, hawa ndugu wawili walikuwa wamegombana kule Marungu, kwenye shamba la baba yao. Ilikuwa seng'enge. Danson alisema imesogezwa, Sylus akasema haijasogezwa. Watu walikuwapo, wachungaji wa ng'ombe na majirani, na Sylus alikuwa na mdomo mkali tangu azaliwe.

"Wewe usinifundishe mipaka," akamwambia. "Kichwa chako chenyewe hakina mpaka. Uso unaishia wapi hapo? Tuonyeshe, tupige kigingi!"

Watu walicheka. Mchungaji mmoja alikaa chini kabisa, fimbo ikamponyoka. Danson akamrukia ndugu yake, akamkaba shingo, wakaanguka kwenye miiba wakapigana kama watoto, wanaume wazima wenye mvi. Walipotenganishwa Sylus alikuwa anatema damu na bado anacheka. Danson akamnyooshea kidole, na watu kama kumi walisikia.

"Hutanicheka tena. Nakuapia, Sylus, mwezi huu hauishi. Hutanicheka tena."

Mwezi haukuisha.

Na siku ile ya Alhamisi Danson hakuwa Voi. Duka lilifungwa, simu ilizimwa. Alitokea Ijumaa kwenye matanga, kofia imevutwa mpaka machoni, uso umevimba, macho yamebaki mistari miwili. Tulipomzika Sylus, Ijumaa iliyofuata, padri alisema tuombe, wanaume wakavua kofia. Danson hakuvua. Nilimwona Vincent akimtazama juu ya kaburi la baba yake, na nikajiambia ni uchungu wa kijana, utapita. Mimi watu wananisifu kwa subira. Nimeishi hivyo, nikiona jambo linachemka nakaa kando nangoja lipoe.

Jumamosi, siku moja baada ya mazishi, niliingia jikoni nikakutana na harufu. Nikadhani panya amefia kwenye kuni. Nikaanza kusogeza kuni.

"Usisumbuke, mama," Danson akasema. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na meko, peke yake. "Ni mimi."

Akafunga mlango. Akaitoa kofia kidogo kidogo, kama mtu anayebandua plasta, akiuma meno.

Nimeona vidonda maishani. Kile sikukijua. Mbele yote, kutoka paji la uso hadi utosini, palikuwa na vitundu vidogo vidogo vya safu, mamia, kila kimoja kina gamba jeusi na unywele mfupi umesimama katikati. Katikati ya magamba usaha ulikuwa unatoka. Kisogoni alikuwa amekatwa sikio hadi sikio na kushonwa kama gunia, na nyama pembeni ya mshono ilikuwa nyeusi.

"Nani amekufanyia hivi?"

"Nimeenda mwenyewe nifanyiwe."

"Danson!"

"Nywele, mama. Ni nywele. Kuna nyumba moja Mombasa, juu ya duka la mapazia. Wanakata ngozi huku nyuma zilikobaki, wanazitenga moja moja, wanakuja kuzipanda mbele."

"Zinapandwa."

"Zinapandwa."

"Kama mchicha?"

"Mama, tafadhali."

Akatoa simu mfukoni, akanionyesha picha walizompiga. Nikamuuliza, "Na walikuuliza zile za kwanza zilianguka kwa nini?"

Alifikiri. "Hawakuuliza. Waliniambia nilipie, nikalala kwa kiti tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni."

"Lini?"

Akageuza uso kwenye meko. Hapo nikajua ni ile Alhamisi.

"Nilitaka aje dukani," akasema. "Nivue kofia, nimwambie haya, Sylus, cheka sasa. Nilipowasha simu nikakuta amekufa. Mama, ndugu yangu analala barabarani na mimi nimelala kwa kiti napandwa nywele. Usimwambie mtu. Niapie."

"Wanasema mengine juu yako. Mabaya zaidi."

"Waseme. Heri waseme nimemuua."

Nikaapa. Nikamwosha kwa maji ya moto na chumvi, naye anashika mguu wa meza mpaka meza inatembea. Nikamwambia twende hospitali, akasema baada ya kunyolewa, asionekane amekimbia. Na jambo la wembe nikaliweka hivi kichwani mwangu: nitamwacha awe wa mwisho. Nikimaliza wajukuu, watu watakuwa wameenda kunywa chai, nitapitisha wembe hewani, niseme tayari. Niliona nimepanga vizuri.

Jumatatu ikafika. Wanaume walikuwa tisa, wamekaa kwenye gogo na mawe nyuma ya nyumba. Tryphena alikuwa kwenye mkeka, mgongo ukutani, kitambaa cheusi kichwani. Hillary, mtoto wa shemeji yangu, alikuwa amesimama na jembe tayari kuchimba shimo la nywele. Danson alikaa mwisho wa gogo na kofia yake. Nzi wawili walikuwa wanamzunguka, anawafukuza.

Nikalowesha wembe. Nikasema, "Vincent, njoo."

Vincent akaja, akakaa kwa kigoda, akainama. Nikaanza upande wa kushoto. Nilikuwa nimefika juu ya sikio aliposema, polepole tu, "Nyanya, mbona mimi kwanza?"

"Uko karibu."

"Baba mkubwa ndiye wa kwanza."

"Tulia nisikukate."

"Babu alipokufa ulianza na baba mkubwa. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Ulianza na yeye, ukaja kwa baba."

Hillary akacheka akiegemea jembe. "Bro, atanyolewa nini yule? Hapo ni kupiga polishi tu."

Mtu mwingine akacheka pia. Vincent alikuwa amegeuza kichwa chini ya wembe wangu. Ulimkata, damu ikashuka shingoni, na sidhani alisikia.

"Baba mkubwa," akaita. "Vua kofia."

"Nitanyolewa mwisho," Danson akasema.

"Kwa nini?"

"Nimesema mwisho."

"Kanisani hukuvua. Kaburini hukuvua. Padri anamwombea baba na wewe umevaa kofia kama mtu anayengoja gari." Akasimama. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa mweupe, mwingine una nywele zake zote. "Nimeambiwa kuna watu wembe wa matanga hauwagusi, kwa sababu wanajua walichofanya. Nikakataa kuamini. Vua."

"Vincent," nikasema. "Kaa, mjukuu wangu. Kaa tumalize." Sauti yangu ilikuwa ya kubembeleza. Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulifunguka kabisa, nikakumbuka nimeapa, nikaufunga.

Danson akainuka aondoke. Vincent akamfikia kwa hatua tatu, akashika kofia kwa mikono miwili, akavuta.

Ilikuwa imegandamana na vidonda. Ilitoka na ngozi. Nilisikia ile sauti, kama turubai linachanika, na juu yake sauti ya Danson, ambayo tangu nimzae sijawahi kuisikia. Alianguka kwa magoti. Damu na usaha vilimshuka usoni, vikamjaa machoni. Vincent alibaki na kofia mkononi, ndani yake kuna vipande vyenye nywele.

Halafu Hillary akasogea, akatazama kichwa kile, vile vitundu vya safu safu.

"Chale," akasema. "Mungu wangu. Hizi ni chale. Amechanjwa! Kichwa kizima amechanjwa!"

Mwanamke mmoja alipiga ukemi. Tryphena akasimama mkekani.

"Alienda kwa mganga," mtu akasema. "Ndiyo maana hakuwa Voi."

"Alimwambia hatamcheka tena! Mimi nilikuwapo Marungu, nilisikia!"

Vincent alimpiga teke la kifua. Danson akaenda chali. Vijana wakamwingilia, sikuona tena nani ni nani, niliona viatu tu, na mawe yaliyokuwa viti yakiinuliwa. Jiwe moja lilimpata gotini, likalia. Danson alikuwa amefunika kichwa kwa mikono, anasema maneno, na hakuna aliyeyasikiliza. Vincent akampokonya Hillary jembe. Alipiga kwa mpini. Pigo la kwanza lilivunja mfupa wa bega, nikausikia. La pili Danson aliinua uso ili aseme, likampata jichoni.

"Ni nywele!" nikapiga kelele. "Amepandwa nywele! Mwacheni, ni nywele, alienda kupandwa nywele!"

"Nyanya amechanganyikiwa," mmoja akasema. "Mtoeni hapa."

"Nywele hupandwa wapi? Shambani?"

Kuna mtu alicheka, katikati ya yale yote.

Nikajilaza juu ya mtoto wangu. Ni hilo tu niliweza. Teke moja lilinipata mbavuni, halikuwa langu lakini lilinipata. Vincent akanishika kwapa akanivuta kando kama anavuta gunia la mahindi, bila kunitazama, na wembe uliokuwa bado mkononi mwangu ukanipasua kiganja. Nikamwona anainua jembe, safari hii chuma kikiwa mbele.

"Tryphena!" nikaita. "Simu yake! Mfuko wa kushoto! Kama ni muuaji mtamuua, lakini tazama simu kwanza!"

Sijui kwa nini alinisikia yeye. Labda kwa sababu nilimwita kwa jina, na miaka yote namwita mama Vincent. Alipita katikati ya vijana, akamsukuma mwanawe kifuani, akapiga magoti, akatoa simu. Ilitaka kidole cha mwenyewe. Nikakishika kidole cha Danson, nikakibonyeza, ikakataa kwa sababu ya damu. Nikakipangusa na kanga. Ikakataa. Nikakitia mdomoni mwangu nikakilamba, nikakibonyeza tena, ikafunguka.

Tryphena alitazama. Kwanza picha: kichwa cha Danson kabla, kitupu, kimechorwa mstari wa kalamu ya buluu pale nywele zitakapoanzia. Halafu kichwa hicho hicho kina vitundu vibichi, na mikono ya mtu mwenye glavu. Halafu ujumbe. Aliusoma kwa sauti, pole pole, kama anasoma kanisani.

"Mteja wetu Danson, asante kwa kututembelea leo. Usivae kofia ya kubana. Rudi siku ya tatu tukuangalie. Ukiona usaha au ngozi imebadilika rangi, usingoje, tupigie." Akasogeza simu karibu na macho. "Alhamisi. Saa kumi na mbili na nusu jioni."

"Hiyo si kitu," Hillary akasema. "Mtu anaweza..."

"Nyamaza!" Tryphena akamgeukia. "Siku hiyo saa moja kasoro ndio nilipigiwa simu kwamba mume wangu amegongwa. Huyu alikuwa amelala kwa kiti anashonwa kichwa." Akamwendea Vincent, akampiga kofi moja, la pili, akamnyang'anya jembe. "Weka chini. Nimeshamzika mmoja."

Vincent alitazama mpini. Ulikuwa na damu na nywele fupi fupi zimeshikamana nao, zile zilizopandwa.

Tulimpeleka Voi kwa gari la jirani, kichwa chake mapajani mwangu, kanga mbili zimelowa kabla hatujafika barabara kubwa. Daktari aliyempokea alikuwa msichana wa watu wa pwani, jina lake Sumayya. Jicho la kushoto lilitolewa siku hiyo hiyo. Usaha ulikuwa umeshaingia kwenye damu. Siku nne hakunijua mimi ni nani. Nyama ya kisogoni ilikatwa ikatupwa, na baadaye wakachukua ngozi ya pajani kuziba pale palipobaki mfupa.

"Bibi, mwanao hakustahili kuguswa kabisa," Daktari Sumayya aliniambia. "Nywele zake ziliangushwa na maradhi. Mwili wenyewe ndio unaozing'oa. Ukizipanda pale pale, zitang'olewa hizo nazo. Wako watu wanaopandwa wakapona vyema, sisemi uongo, lakini hupimwa kwanza wakaulizwa. Huyu hakuulizwa. Tena hapa nyuma walipomshona wamevuta ngozi mno, damu haikupita, nyama ikafa. Na juu yake kofia ya sufu, siku kumi na moja."

"Angekuja Jumamosi?"

Alinitazama, akaelewa ninachouliza. "Angekuja Jumamosi, kichwa tungekitibu. Jicho, bibi, hilo si la kofia."

Vincent alichukuliwa na polisi Jumatatu ile ile, akiwa amenyolewa nusu. Alipelekwa rumande hivyo hivyo. Nilisikia walitaka kumsawazisha kule, akakataa, wakamlazimisha, akapigana nao, wakamwacha na alama mgongoni.

Wiki ya nne Danson aliweza kutembea. Nilimpelekea kofia mpya, laini, ya pamba, nimeipanua mwenyewe kwa sindano. Aliishika, akaigeuza geuza, akanirudishia.

"Twende kituo cha polisi," akasema.

"Jua ni kali."

"Twende, mama."

Tukatembea katikati ya mji wa Voi, yeye mbele. Kichwa kilikuwa wazi: kiraka cha ngozi ya paja nyuma, makovu mbele, hakuna unywele hata mmoja, bandeji kwenye jicho. Vijana wa bodaboda, wateja wake wote, walizima injini. Mama mmoja alimfunika mtoto wake uso kwa leso. Alipofika karibu na duka lake mtu akamwita kwa sauti ndogo, "Danson? Ni wewe?" naye akasema, "Ni mimi. Salama?" akapita.

Askari alimwambia mambo ya jicho hayafutwi kwa maneno ya mezani, kuna mahakama. Danson akasema hata mahakamani atasema. Akaandikisha kwamba kijana aliona chale, kwamba yeye alikuwa na maneno ya kusema tangu siku ya kwanza na hakuyasema. Wiki iliyofuata Vincent akaachiliwa kwa dhamana, akarudi Bura.

Alikuja moja kwa moja nyuma ya nyumba. Upande mmoja nywele zilikuwa zimeota fupi, upande mwingine ndefu, zimechafuka. Nilikuwa nimeweka kigoda, beseni na wembe mpya. Danson alikuwa kwenye kiti mlangoni. Vincent alimpita bila kuinua macho, hakuomba msamaha wala hakusalimu, akasimama mbele yangu.

"Nyanya, ulijua tangu lini?"

"Jumamosi."

"Jumatatu ukaniita mimi kwanza."

"Nilidhani watu wataenda kunywa chai."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. Akakaa kwa kigoda. Nilipousogeza wembe akaushika mkono wangu, bila nguvu, akauweka kando.

"Si wewe."

Nikasimama pale. Nikasikia kiti cha Danson kinalia.

"Leta," akasema.

Nikampa. Jicho moja halijui umbali. Wembe ulipita hewani mara mbili kabla haujagusa kichwa, na ulipogusa ulikuwa mzito. Ulimkata Vincent juu ya sikio, mkato mrefu. Damu ikashuka ndani ya shati. Danson akasimamisha mkono.

"Nimekukata."

Vincent hakusogea. Alikuwa ameshika magoti yake.

"Endelea, baba mkubwa."

Akaendelea. Mimi nilishika beseni.